Vidole viwili vya gome

Ilikuwa Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua imekatika alfajiri. Nilikuwa naenda kufungua banda la kuku nikakanyaga kitu kigumu, kikanichoma kupitia kandambili. Nikainama kukiokota. Kinundu cha gome la mlungulungu, mti wangu wa dawa: kile chenye mwiba kileleni, kimebanduka kizima kama kifungo cha koti. Pembeni yake kingine. Mbele kidogo vingine sita, saba, vimetapakaa chini ya mti kana kwamba kuna mtu alikaa pale usiku akipukuchua mahindi.

Nikainua macho.

Kutoka usawa wa goti mpaka kifuani, mti ulikuwa uchi. Gome limechunwa, limeondoka na aliyelichuna, na palipokuwa na gome pamebaki mti mtupu, wa njano iliyopauka, bado una majimaji. Nikaugusa. Ulikuwa unateleza.

Nilimwita mume wangu kwa sauti ya chini, ile unayotumia kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Wameuua," nikamwambia.

Hakujibu. Akazunguka nyuma, upande wa ukuta, akaingiza mkono kwenye ule uwazi mwembamba, akapapasa.

"Mama Shija, hebu njoo. Huku limebaki."

Kweli, limebaki. Ukanda mmoja wa gome, upana wa vidole viwili, upande unaotazama ukuta, mahali ambapo panga halikupata nafasi ya kupita.

Ni wiki saba sasa nimekuwa nikiandika habari hii na kuifuta. Mwanzoni niliandika kuhusu mwizi. Nikasoma, nikaona si yeye ninayemuwaza.

Njia iliyobaki

Mti uliochunwa gome mzunguko mzima haunyauki siku ile, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Maji yanapanda kwa kupitia ndani ya mti wenyewe, kwa hiyo majani yanaendelea kuwa ya kijani, wiki hata miezi. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa kupitia ile ngozi laini ya ndani ya gome. Ukiikata pande zote, mizizi haipati kitu. Inakula akiba yake, akiba inaisha, na mti unakufa kuanzia chini wakati huku juu watu bado wanausifia kivuli.

Kwa hiyo vidole viwili si kitu kidogo. Ni njia moja ya miguu imebaki kati ya kijiji na mashamba.

Na imebaki kwa kosa langu. Mwishoni mwa 2014 nilipoupanda, nilikazania niuweke karibu na ukuta, kisa mbuzi wa jirani. Mume wangu akasema utakuja kupasua ukuta. Ameyasema hayo kila mwaka, hasa akishika mwiko wa saruji kuziba ufa ambao mimi nasema ni wa tetemeko na yeye anasema ni wa mzizi. Sasa hivi akija mgeni anampeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, anamwonyesha: "Unaona? Ukuta wangu ndio uliouokoa huu mti."

Tulichanganya udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe, tukaupaka ule utupu wote, tukaufunga na kipande cha salfeti. Kuku walikuwa bado wamefungiwa. Niliwasahau mpaka saa nne.

Vya wageni tunapanda

Pita mtaa wowote wa Tabora hapa mjini, Cheyo, Isevya, Ng'ambo, Ipuli kwetu, uhesabu miti ya uani. Mwembe, mwarobaini, mpera, mpapai. Mwembe na mwarobaini asili yake ni huko Asia, mpera na mpapai ni vya Amerika. Tumevipokea, tukavipanda, tukavimwagilia, na maembe tumeyafanya yetu kiasi kwamba mtu akitoka hapa msimu wa embe bila ndoo ya zawadi anaonekana hakufika. Mlungulungu uliokuwa hapa kabla ya misafara na kabla ya reli, huo haupandwi. Huo unafuatwa porini.

Mamamkwe wangu alinicheka waziwazi. "Unapanda mlungulungu? Mwaka kesho utapanda nyasi."

Lakini ni yeye aliyenifanya nipande, bila kujua. Akibanwa na kifua alikuwa anamtuma kijana na baiskeli akamletee majani na vijiti. Nilipoolewa, kijana alikuwa anarudi ugali bado uko jikoni. Miaka ikaenda, mashamba ya tumbaku yakasogea, mabani ya kuikaushia yakataka kuni, na kijana akawa anaondoka asubuhi anarudi jua linazama, wakati mwingine na majani machache tu kwenye mfuko wa rambo, yenyewe yamenyauka. Hakuna aliyekaa kikao akasema miti imekwisha. Ni muda wa baiskeli tu ulioongezeka.

Kwa wasomaji wa Pwani: huu ndio mnaouita mjafari. Kwenye vitabu ni *Zanthoxylum chalybeum*. Ni kichaka au mti mdogo, unapukutisha majani kiangazi, na ni ndugu wa mlimau. Huhitaji maabara kulijua hilo. Fikicha jani uweke puani. Ukitafuna kijiti chake ulimi unachachatika kidogo, kisha unakuwa kama si wako. Ile pilipili ya Sichuan ambayo Wachina wanapikia ni ya jamii hiyohiyo.

Mbegu za kwanza nilizitoa kwa shemeji yangu njia ya Sikonge. Nyeusi, zinang'aa kama macho ya panya, zinachungulia kwenye kijumba chekundu kilichopasuka. Nikapanda thelathini. Haikuota hata moja. Nikarudi, nikachimba miche miwili iliyojiotea chini ya mti mama, na mmoja ukaliwa na mchwa kabla ya Krismasi. Huu mmoja ndio uliobaki. Kiangazi chake cha kwanza ulipata dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki, maana luseni yetu, huu udongo wa kichanga, haishiki maji, na majivu kuzunguka shina kwa ajili ya mchwa. Kiangazi cha tatu nikaacha. Hapo ukawa unajitafutia.

Waliotangulia kuula

Msimu wa mvua wa pili majani yakaanza kuisha. Nikaangalia, nikaona mavi ya ndege juu ya jani, meusi yenye doa jeupe. Nikataka kuyapangusa, yakasogea.

Viwavi. Vikikua vinageuka kijani, na ukikigusa kimoja kinachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa kutoka nyuma ya kichwa, na harufu yake ni ya chungwa lililooza. Ni walewale wanaokula milimau. Niliwaua kwa kandambili siku tatu mfululizo, kwa hasira ya mtu aliyebeba madumu. Shija, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, akaficha mmoja kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akawa anamchumia majani yangu mwenyewe kwa siri kumlisha. Likatoka koponi pepeo jeusi lenye madoa ya njano. Likakaa kwenye pazia la sebuleni nusu saa likikausha mabawa.

Sikuua tena. Si kwa huruma tu. Niligundua mti wenyewe ulikuwa umeshaanza kutoa majani mapya kabla mimi sijamaliza vita.

Nilimweleza guku mmoja, yaani babu, mfumu (mganga) wa upande wa Uyui ambaye mamamkwe alikuwa akimwendea, mwenye cheti cha usajili kilichobandikwa kwenye ukuta wa udongo juu ya kitanda. Nilidhani atafurahi kusikia kuna mtu anaotesha. Akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, mti wa kumwagiwa maji na dumu, umezungukwa na kuku, umewahi kuumwa nini hata ujue kutibu?"

Kwake dawa ilikuwa porini. Mti ulioteseka kwa jua, ukaliwa na wadudu, ukaungua moto wa Agosti ukachipua, huo ndio wenye ukali. Nilimwona mzee wa imani za kale. Baadaye nikasoma kwamba uchungu wa mimea mingi kweli ni silaha yake dhidi ya wanaoula, nikakaa kimya na zile kandambili zangu.

Kama mpapai

Mwaka 2020, mwanzo wa mvua, ukatoa maua. Madogo, ya kijani-njano, ambayo usipokuwa unayatafuta huyaoni. Nikaanza kuandaa viriba vya kupandia. Nilishawaahidi miche watu wa kanisani, mwalimu wa Shija na dada yangu wa Kaliua.

Matunda hayakuja. Mwaka uliofuata maua tena, matunda hakuna. Mwaka wa tatu nikamleta bwana mmoja wa misitu, mtu wa utani mwingi. Akatazama maua kwa karibu, akaniuliza:

"Mama, una mpapai?"

"Ninao."

"Umewahi kuona mpapai dume?"

Nilikuwa nimelea dume. Milungulungu nayo ina miti ya maua ya kiume na miti ya maua ya kike, na mti mchanga hauna alama. Miaka yote ile ya madumu, na hautatoa mbegu hata moja. Niliona aibu ya ajabu mbele ya wale wa kanisani, kama nilikuwa nimewadanganya.

Mtoto wa jirani

Hapa ndipo nilipokuwa nafuta kila mara.

Mwaka 2022, mwezi wa tatu, jirani yangu wa ukuta mmoja alinigongea. Binti yake wa miaka minne ana homa. Mti wangu ulikuwa umestawi, umejaa, na mtaa mzima ulishajua kwa Mama Shija kuna mlungulungu. Nilikuwa natoa kwa yeyote. Nilipenda kutoa, niseme ukweli. Nilipenda kuonekana nikitoa. Nikachemsha majani, tukamfukiza mtoto, tukamwogesha, tukamnywesha maji ya gome vijiko vichache. Homa ikashuka. Nilirudi kwangu najisikia mtu.

Mtoto mwenye homa ukimwogesha, joto litashuka. Hata kwa maji matupu.

Siku ya pili hivyohivyo. Usiku wa tatu nikasikia mayowe ukutani. Degedege. Tulipakiana kwenye bodaboda, mama yake kampakata katikati, mimi nyuma nimeshika kichwa, njia nzima nikihesabu taa za barabarani kwa sababu sikuweza kufanya kitu kingine. Wakapima. Malaria, na imeshapanda. Muuguzi akauliza imeanza lini, mama yake akasema siku tatu. Akauliza mmempa nini. Mama yake akaniangalia, halafu akasema, "Panado."

Alinifichia.

Mtoto alilazwa siku nne, akapona. Yuko shule sasa, kila siku ananiamkia "shikamoo mama mkubwa" na begi limemzidi mgongo. Mama yake hajawahi kunilaumu hata kwa mafumbo. Angelaumu ningejitetea. Ningemwambia kwamba kwenye magome na mizizi ya mti huu wataalamu wamekuta alkaloidi, yaani kemikali za mimea, na baadhi yake zimewakabili vimelea vya malaria maabara. Ni kweli. Lakini kisahani cha maabara hakina degedege, na mimi nilikuwa nimekaa na kijiko mkononi siku mbili nzima umbali wa dakika kumi kutoka kwenye kipimo na vidonge vya mseto.

Hapana

Nikaacha kutoa. Sikuweka masharti, nilifunga kabisa. Majani hapana, vijiti hapana, gome ndiyo kabisa. Waliouliza niliwaambia mti unaumwa. Baadaye nikawa sisemi hata sababu.

Nilijiona nimekuwa mwangalifu. Hakuna mtoto atakayecheleweshwa kwa ajili yangu. Na mti ulinenepa, nikawa naupunguza matawi kila Juni kama mama mwenye bustani kwenye kalenda.

Januari mwaka huu mwanamke wa mtaa wa pili alikuja kuomba gome. Mama yake ana jino linamuua, alisema, na usafiri wa kumpeleka kwa daktari utapatikana mwisho wa mwezi. Nilimjibu nikiwa nimesimama getini. Sikumkaribisha ndani, sikumpa hata kiti. Nikasema hapana, kwa upole, na nikafunga geti kwa upole.

Kijiti cha kutafuna kwa ajili ya jino. Kilikuwa cha kuumiza nani?

Guku aukagua

Wiki moja baada ya mti kuchunwa, nilimfuata yule mfumu. Nilimkodia bajaji kuja na kurudi. Sasa anatembea na fimbo mbili.

"Shikamoo, guku."

"Marahaba, mayo. Yuko wapi huyo mgonjwa wako?"

Akafungua salfeti mwenyewe, polepole, akakwangua udongo kwa ukucha. Halafu akafanya kitu nisichokitegemea: akageuka akatazama jua liko wapi, akanyoosha fimbo moja mashariki, moja magharibi, shina likiwa katikati.

Tunalijua sote hili, angalau kwa kusikia. Gome huchukuliwa upande jua linapotoka na upande linapozama. Nilikuwa nimeliweka kwenye fungu moja na shanga na unga na maneno ya kuuomba mti. Nikiwa nimesimama pale, fimbo zile mbili zikiwa zimenyooshwa, ndipo nilipoona kinachobaki: kaskazini nzima na kusini nzima. Njia mbili pana za chakula kushuka. Anayefuata mwiko ule, kwa sababu yoyote aliyoambiwa, hawezi kuuzungusha mti panga.

"Kiganja kimoja hapa, kiganja kimoja pale," akasema. "Unaziba na udongo, unaondoka. Huyu hakufundishwa na mtu. Huyu ni mchuuzi."

Nikamuuliza kama utapona. Akacheka bila sauti, mabega tu.

"Si nilikwambia ulikuwa haujaumwa?"

Sikuupenda utani ule. Nilimpa nauli, nikampa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na njia nzima ya kumsindikiza hadi kwenye bajaji nilikuwa nimenuna kama mtoto. Lakini kabla hajapanda aliniuliza swali moja ambalo ndilo limekaa nami wiki hizi zote.

"Kabla ya huyu, walikuja wangapi mchana?"

Viriba

Mti uko hai mpaka leo ninapoandika. Kingo za lile jeraha zimeanza kuvimba, zinajikunja kuingia ndani kama midomo, hasa karibu na ule ukanda. Juu, tawi moja limekauka. Sijui kiangazi kitasema nini.

Sasa natoa, ila nauliza kwanza. Ni homa? Mmeshapima? Kama hamjapima, nenda kapime, nitakushikia mtoto mdogo. Ni jino, ni kikohozi cha mtu mzima, chukua majani, kijiti hiki hapa. Gome bado hapana, shina halina la kutoa. Kuna aliyeniambia nimekuwa kama dirisha la zahanati. Sawa.

Na nina miche. Mwaka jana nilirudi Sikonge, nikaleta mbegu sitini kutoka kwenye mti jike uleule, safari hii nikazisugua kwa mchanga na majivu mpaka ule mng'ao wa mafuta ukatoka. Zikaota saba, kila moja kwa wakati wake. Ya kwanza wiki ya sita. Ya mwisho ilichomoza katikati ya pilipili, nilikuwa nimeshakata tamaa na kile kitalu nikapandia mboga.

Jumamosi iliyopita nilichukua kiriba kimoja nikaenda mtaa wa pili. Sikwenda kuuliza lolote kuhusu Februari. Sina ushahidi, na huenda hakuwa yeye, na hata ndani ya nyumba yake sikuangaza macho. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikauliza jino la mama.

"Liling'olewa."

Nikampa mche. Akaugeuza huku na huku, mwiba ukamchoma, akaingiza kidole mdomoni.

"Dume au jike?" akauliza. Kumbe mtaa mzima unajua.

"Uniulize baada ya miaka sita."

Akacheka. Akatoka nao uani, mimi nikamfuata na kigoda changu. Akazunguka akitafuta mahali, akatazama mbuzi wa jirani wamelala pale kivulini, akafikiri kidogo, kisha akauweka chini, hatua moja kutoka kwenye ukuta. Nikataka kumwambia ausogeze.

Nikanyamaza, nikamshikia jembe.